Andy Marte, besi ya tatu: niliyoongea siku ya bonanza la watoto, Columbus, Ohio

Wengi mmeniomba niandike ile hotuba ya siku ya bonanza, waliokuwepo na wasiokuwepo, kwaiyo hii hapa, nimeiandika kama nilivyoongea, sijaisafisha sana, ila sehemu mbili tatu nimeongeza vitu ambavyo siku ile muda ulinibana.

Asalaam aleikum. Ndugu zangu Wakristo, Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni. Mama mwenyekiti shikamoo, na asante kwa hizi dakika, najua pilau limeshaiva harufu inafika mpaka huku na watoto wamekimbia uwanjani toka asubuhi, kwaiyo nivumilieni kidogo tu.

Nataka kuongea na vijana. Wiki iliyopita kijana mmoja wa humu humu ndani, mtoto wangu kabisa, jina silitaji, alikuja nyumbani usiku akakaa kwenye kochi kimya. Timu yake ya mpira imemkata, yani imemuacha. Nikamwekea chai hakunywa. Alafu akasema baba mdogo mimi basi, nimefeli. Miaka 17! Mimi nilimjibu maneno ya kumtuliza, yale ya siku zote, akaondoka, na nikajua kabisa hayajamsaidia kitu. Sasa usiku ule sikupata usingizi, na mtu aliyenijia kichwani ni mchezaji mmoja wa besiboli, Mdominika, ambaye watu wengi mjini hapa walimuona akicheza na leo hakuna anayemkumbuka. Anaitwa Andy Marte. Kwaiyo hii hotuba ndo jibu ambalo nilitakiwa nimpe yule kijana siku ile.

Mwaka 2009 nilikua nafanya kazi gowdauni, shifti ya usiku, na pale nilikua na rafiki kutoka Jamhuri ya Dominika, sote tulikua tunamwita Primo, yani binamu kwa Kihispania. Mwaka huo ndo Huntington Park ilifunguliwa pale katikati ya mji, uwanja mpya kabisa, na timu yetu ya ligi ndogo, Columbus Clippers, ikaanza kuwa chini ya Cleveland, timu ya ligi kuu. Primo akawa ananisumbua kila siku twende, twende, tiketi bei ndogo. Mimi mtoto wa Tanga, besiboli naijulia wapi? Nikaenda siku ile ya soseji za senti kumi, soseji zenyewe sikuzigusa kwa sababu mnazozijua, nikala popkoni, nikakaa upande wa besi ya tatu (besi ni vile vituo mpigaji anavyokimbilia) kwasababu Primo alisema jamaa anayecheza pale katoka karibu na kwao.

Na hapo ndo nilimuona. Mpira ukapigwa chini, unabiringika taratibu, wa kuudhi ule, mpigaji anakimbia kweli kweli, na Marte akaja mbele mbio akauokota kwa mkono mtupu bila glavu na akautupa huku bado anakimbia, mwili umeinama kabisa, mpira ukaenda ule upande mwingine wa uwanja mpaka besi ya kwanza. Nilikuja kupima baadae, kutoka besi ya tatu mpaka ya kwanza ni karibu mita 39. Ukafika kifuani kwa mwenzie kama umekabidhiwa. Primo akasimama akapiga kelele peke yake. Watu pembeni wanakula soseji zao, kwao ni kitu cha kawaida. Mimi nikauliza, huyu kwanini yupo hapa? Kwanini hayupo ligi kuu?

Primo akakaa chini akanieleza, na sio siku moja, ni usiku mwingi wa kupanga maboksi.

Kwanza muelewe anakotoka. Ile nchi ni upande mmoja wa kisiwa, upande mwingine ni Haiti, watu kama milioni 11, na mwaka 2024 msimu ulipofunguliwa ligi kuu ya Marekani ilikua na Wadominika 108. Mia moja na nane! Besiboli ilifika kule karne ya 19 na Wacuba waliokimbia vita kwao, ikaota mizizi hasa maeneo ya viwanda vya sukari, mji kama San Pedro de Macorís umetoa wachezaji wa ndani, yani wanaolinda karibu na besi, wengi mpaka watu wanauita kitovu cha wale wanaosimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Tony Fernández katoka pale. Watoto wanacheza na mti wa fagio na kifuniko cha lile dumu kubwa la maji, mchezo wanauita vitilla, kile kifuniko kinapinda hewani huku na huku, ukishaweza kukipiga kile mpira wa kawaida unauona mkubwa kama nazi. Si sisi tulikua tunacheza na mpira wa makaratasi na kamba? Ni kile kile.

Alafu kuna msemo wao mmoja. Kwenye besiboli ukirushiwa mipira minne mibaya bila kuipiga unatembea bure mpaka besi ya kwanza. Sasa Wadominika wanasema kisiwani hutoki kwa kutembea. Yani lazima upige, skauti hatakuona kwa subira yako, atakuona ukipiga. Mimi huo msemo ulinikaa sana kwasababu kutembea kwao ni mambo mawili kwa neno moja, na mtoto wa miaka 14 analijua.

Kule kuna watu wanaitwa buscón, mtafutaji. Anamchukua mtoto mdogo, anamlisha, anamfundisha, mara nyingi mtoto anaacha shule, na siku akisaini yeye anachukua sehemu ya bonasi, robo au hata zaidi. Kusaini ni miaka 16. Timu zote 30 za ligi kuu zina akademi kule, zina vitanda, vyakula, viwanja safi, na kuna ligi yao ya majira ya joto toka 1985. Ukifika miaka 19 hujasaini unaonekana mzee. Ndo maana kuna waliodanganya umri, kuna mmoja alisaini 2006 kwa dola milioni 1.4 kama mtoto wa miaka 16, 2009 ikaja kujulikana hata jina halikua lake na umri aliongopa miaka minne. Sisi wa Afrika Mashariki tusijifanye tunashangaa, hayo ya vyeti vya kuzaliwa tunayajua toka mashindano ya shule. Mimi siwasifii, ila ukifikiria nyumba nzima inamtegemea mtoto mmoja mwenye mkono mzuri, hasira inapungua.

Marte kazaliwa Oktoba 21, 1983, Villa Tapia, huko kaskazini kwenye bonde la Cibao, sio San Pedro. Atlanta Braves wakamsaini mwaka 2000, hajafika hata miaka 17. Na hapa vijana naomba msikilize majina ya miji, nimeyashika kama vituo vya basi la Tanga-Dar: 2001 Danville, 2002 Macon, 2003 Myrtle Beach, 2004 Greenville, 2005 Richmond. Kila mwaka ngazi moja. Hakuruka, hakurudishwa. Kila mwaka mji mpya, chumba kipya, wenzake wapya, anajifunza Kiingereza cha kuagiza chakula huku anajifunza kupiga mpira unaopinda. Na kila mwaka wale alioanza nao wanapungua, kwasababu ligi ndogo ni kama funeli, chini kabisa wanaingia mamia na juu wanatoka wachache, na anayekatwa anapewa tiketi ya ndege na mkono wa kwaheri.

Huyu alikua mzuri, tena mzuri kweli. Mwaka 2005 jarida la Baseball America, ambalo kwenye mambo haya watu wanalisoma kama ratiba ya mfungo, lilimweka wa 9 kati ya vijana wote wa ligi ndogo nchi nzima. Wa tisa! Tatizo ni kwamba Atlanta besi ya tatu ilikua na mwenyewe, Chipper Jones, mmoja wa wachezaji wakubwa wa zama zake. Juni 2005 Chipper akaumia, Marte akapandishwa, ana miaka 21. Mechi 24. Alisimama kupiga mara 57 akapata 8 tu. Akashushwa.

Desemba hiyo hiyo Atlanta wakambadilisha na Edgar Rentería wa Boston. Januari, hata miezi miwili haijaisha, hajavaa jezi ya Boston hata kwa mechi moja, wakampeleka Cleveland kwenye dili ya kumchukua mchezaji wao Coco Crisp. Hebu fikiria una miaka 22, uko nyumbani Villa Tapia unakula mikate ya Krismasi na mama yako, simu inalia unaambiwa sasa wewe ni wa Boston, unamwambia mama, mama anaanza kuizoea Boston, simu inalia tena.

Cleveland wakamweka Buffalo, timu yao ya ligi ndogo, wakampandisha, 2007 akaanza msimu kama besi ya tatu ya timu kubwa, akaumia mguu mwezi huo huo wa kwanza, mwingine akakaa pale na hakutoka. Mwaka uliofuata sheria zikambana, hawezi tena kushushwa bila timu nyingine kupewa nafasi ya kumchukua, kwaiyo hawakumshusha, wakamkalisha benchi tu. Mchezaji wa kupiga anataka kupiga kila siku, kama fundi cherehani, ukimpa nguo moja kwa wiki mkono unakufa ganzi. Februari 2009 wakamtoa kwenye orodha ya watu 40, yani wale ambao timu kubwa inaweza kuwatumia. Timu zingine zote 29 zikaulizwa, mnamtaka? Karibu bure? Hakuna iliyoinua mkono.

Huyo ndo mtu niliyemuona mimi.

Nataka mlielewe hilo, mimi popkoni mkononi nilikua namuangalia mtu ambaye miaka minne nyuma alikua wa tisa nchi nzima na miezi michache nyuma kakataliwa na timu 29 kwa siku chache, na anautupa ule mpira kama hakuna kilichotokea. Msimu ule hapa Columbus alipiga home run 18, yani mipira inayotoka nje ya uwanja, katika mechi 82. Julai Cleveland wakamrudisha juu wenyewe. Waliomuondoa ndo waliomuita.

Sasa kuhusu hela, maana wazazi mtauliza. Marte alifika ligi kuu kwaiyo alipata zaidi ya wengi, tusidanganyane. Ila wale waliokua nae kwenye basi, yani hao ndo wengi, miaka ile walikua wanalipwa miezi ya msimu tu, wanalala watu watano sita chumba kimoja, magodoro ya upepo chini. Kulipiwa nyumba na timu kumeanza 2022. Na mwaka huo huo wachezaji wa ligi ndogo wakajiunga na chama cha wafanyakazi, mkataba wao wa kwanza ukaja 2023, ngazi ya juu Triple-A ikatoka dola 17,500 kwa mwaka ikawa 35,800, na ile ya chini kabisa hapa Marekani ikatoka 4,800 ikawa 19,800. Elfu nne na mia nane kwa mwaka jamani, hapa hapa Marekani, na kuna nyumba nzima Villa Tapia inasubiri Western Union! Kima cha chini cha ligi kuu mwaka huo 2023 kilikua dola 720,000. Na wale watoto wa akademi wanaocheza kule kwao kisiwani, ule mkataba haukuwagusa, waliachwa nje. Hilo linaniuma mpaka leo, ndo wadogo zaidi na ndo hawana wa kuwasemea.

Narudi kwa Marte. Julai 29, 2010, Cleveland wanacheza na Yankees wa New York, wamepigwa vibaya, warushaji wamechoka, mwisho wa mechi kocha anamtoa mtu wa besi ya tatu anamwambia nenda karushe wewe. Hii wanafanya pale mechi ishapotea, ili kuokoa mikono ya warushaji wenyewe. Marte akapanda pale juu ya kilima cha mrushaji akawatoa Yankees watatu mfululizo, mmoja wao Nick Swisher akakosa mara tatu akarudi benchi. Primo alinipigia simu saa hiyo hiyo, anacheka na kulia kwa pamoja. Ndo mechi moja tu aliyowahi kurusha kule juu na hakuna aliyempata.

Na sio yeye tu. Kuna Wilson Valdez, mchezaji wa ndani vile vile, katoka Nizao, kusini kule pwani, alisaini 1997, akazunguka timu nyingi mno mpaka Korea na Japani, kila mahali anaitwa mtu wa akiba. Mei 25, 2011 yuko Philadelphia, kaanza mechi besi ya pili dhidi ya Cincinnati, mechi ikagoma kuisha, raundi 10, 12, 15, saa sita usiku ikapita, raundi ya 19 warushaji wameisha wakampa yeye. Hakufungwa. Timu yake ikapata pointi, wakashinda 5 kwa 4, na mshindi kwenye kitabu akaandikwa yeye. Mtu wa mwisho kabla yake kuanza mechi kwenye nafasi ya kawaida na kumaliza kama mrushaji mshindi alikua Babe Ruth, 1921. Mtu wa akiba kutoka Nizao kaandikwa ukurasa mmoja na Babe Ruth, kwasababu tu alikua yupo, kavaa viatu, na alipoitwa akasema ndio.

Baada ya 2010 Cleveland wakaachana na Marte. Wengi hapa ndo walipoifunga hadithi yake. Lakini sikilizeni sasa: 2011 Indianapolis, ligi ndogo tena. 2013 akashuka mpaka ligi ya nje kabisa, isiyo na timu kubwa nyuma yake, York kule Pennsylvania, ana miaka 29, kutoka pale akapata nafasi Salt Lake. 2014 Reno, akapiga vizuri mno, Arizona wakamuita ligi kuu baada ya karibu miaka minne ya kuwa hayupo, akapiga home run. Na 2015 akavuka bahari kwenda Korea Kusini, Suwon, timu inaitwa KT Wiz, timu mpya ndo msimu wake wa kwanza ligi kuu ya kule. Unajua alipiga ngapi? Wastani wa .348, home run 20. Kwa msiojua, ukifika .300, yani kupata mara tatu kati ya kumi, wewe ni mchezaji wa maana popote duniani. Yule aliyepata 8 kati ya 57. Watu wa Suwon walikua wanaimba jina lake uwanja mzima. 2016 akapiga home run 22 mpaka mgongo ukamsimamisha. Na msimu wa baridi anarudi kwao anacheza ligi ya nyumbani, Águilas Cibaeñas, mbele ya watu wa Cibao waliomjua toka mdogo.

Ligi kuu ya Marekani jumla mechi 308. Mimi kuna mtu aliwahi kuniambia mbele ya uso wangu, huyo si ndo yule aliyefeli? Nilikasirika, kweli nilikasirika. Miaka 16 ya kazi! Kazi ya mikono, kazi ya kila siku, nchi tatu, kaanza mtoto hajui neno la Kiingereza kamaliza wenzake Korea wanamsikiliza. Kama fundi kajenga nyumba miaka 16 na hakujenga ikulu tunasema kafeli? Kwetu Tanga mvuvi hapimwi kwa papa aliyemkosa.

Januari 22, 2017, asubuhi ya Jumapili, Primo alinipigia. Wakati huo alishahamia New Jersey, tulikua hatuongei mara kwa mara. Akasema Andy. Akanyamaza. Ajali ya gari usiku, barabara ya karibu na San Francisco de Macorís. Miaka 33. Na siku hiyo hiyo kisiwa hicho hicho, ajali nyingine, kikampoteza Yordano Ventura, mrushaji wa Kansas City, miaka 25, bingwa wa 2015. Kwaiyo kwenye habari za huku Ventura ndo alikua juu na Marte chini, mstari mmoja, yani hata siku ya kufa alipewa nafasi ya pili. Primo hakulalamika hilo. Aliniuliza tu, unakumbuka ule mpira aliouokota kwa mkono? Nikamwambia nakumbuka. Tukakaa kwenye simu hatuongei.

Kijana wangu upo hapa, nakuona kule nyuma na kofia, sikutaji. Siku ile nilikwambia utapata timu nyingine. Hilo mimi siwezi kulijua na sikutakiwa kukuahidi. Ninachokijua ni kwamba umekatwa na timu moja, Marte alikataliwa na 29 kwa mkupuo na kabla mwaka haujaisha alikua amerudi. Jumatatu njoo mazoezini na hawa wadogo, wanahitaji mtu wa kuwafundisha kupiga pasi, na mimi magoti yangu unayajua.

Wazazi, nyie ombi langu ni moja, hilo neno kufeli tuache kulitumia mezani. Mtoto akirudi amekatwa muulizeni amekula.

Mama mwenyekiti namaliza. Wiki ijayo jioni baada ya mazoezi, siku yenye mechi, tunawapeleka watoto Huntington Park, gari tatu zinatoka hapa saa kumi na moja, anayetaka nafasi aandikishe jina kwa mama mhazini, na mzazi mwenye gari la siti saba tafadhali anione. Waislamu tutabeba samosa za kwetu. Nimeomba tukatiwe tiketi upande wa besi ya tatu.